Riba ina dari, deni halina!

Wiki hii mapenzi na viwalo tunaviweka kando kidogo, tuongee mshiko. Na leo mgeni wetu ni namba moja ambayo wengi mliikimbia mlipokuwa sekondari. Ni ile inayoandikwa kwa herufi e, thamani yake 2.71828 na kuendelea. Shuleni unaandikiwa ubaoni, unakariri, unafanya mtihani, basi. Hakuna anayekwambia kwamba namba hii ilizaliwa kwenye mambo ya kukopeshana pesa!

Twende Uswisi, mji wa Basel. Kulikuwa na bwana mmoja pale, Jacob Bernoulli. Mzee wake alitaka asome dini, naye akasoma, lakini moyo wake ulikuwa kwenye hesabu. Mwaka 1683 akajiuliza swali ambalo hata mkopeshaji wa mtaani kwako angelipenda: je, riba ikihesabiwa mara nyingi zaidi, pesa itaongezeka mpaka wapi?

Tuliweke kwa shilingi ili tusipotezane. Umekopesha laki moja kwa riba ya asilimia 100 kwa mwaka. Mwaka ukiisha unachukua 200,000. Sasa wewe mjanja unasema, aa, mimi nahesabu kila miezi sita, asilimia 50 kila mara, na riba ya kwanza nayo izae. Unapata 225,000. Ukihesabu kila mwezi, unapata 261,304. Kila siku, 271,457. Hapo mate yanakutoka, unajiona tajiri. Unasema sasa nahesabu kila saa, usiku na mchana, silali!

Pole sana. Kwa kila saa unapata 271,813. Umekesha mwaka mzima kwa nyongeza ya shilingi 356 tu. Na ukiamua kuhesabu kila sekunde utagota kwenye 271,828. Hapo ndipo kwenye dari, hata ufanyeje hupiti.

Kwa nini inagota? Kwa sababu ukiukata mwaka vipande vingi, na riba ya kila kipande inakuwa kiduchu. Unachokipata kwa kuhesabu mara nyingi, unakipoteza kwa udogo wa kila fungu. Vinavutana hivyo mpaka vinatulia mahali pamoja, na mahali penyewe ni mara 2.71828 ya pesa uliyoanza nayo. Bernoulli aliona kwamba jibu liko kati ya 2 na 3, lakini namba yenyewe hakuipa jina.

Jina lilikuja baadaye. Mjerumani Leibniz, kwenye barua zake kwa Huygens za mwaka 1690 na 1691, aliiita b. Haikushika. Ndipo akaja mtoto mwingine wa Basel, Leonhard Euler, aliyezaliwa mwaka 1707. Huyu alifundishwa na Johann, mdogo wake Jacob, kwa hiyo mambo yalibaki mlemle nyumbani. Mwaka 1731, akiwa Urusi, Euler alimwandikia rafiki yake Goldbach na kuiita namba hiyo e. Mwaka 1748 akatoa kitabu kilichoonyesha tarakimu zake 18 baada ya nukta. Njia yake hata wewe unaiweza kwa kalkuleta ya simu: chukua 1, ongeza 1, ongeza nusu, ongeza moja ya sita, moja ya 24, moja ya 120, moja ya 720. Tayari uko kwenye 2.718! Mfaransa Hermite naye, mwaka 1873, akathibitisha kwamba e haiwezi kuwa jibu la mlinganyo wowote wa kawaida wa aljebra wenye namba nzima. Namba kichwa ngumu kweli kweli.

Sasa rudi mtaani, maana najua unajiuliza, hii inanihusu nini? Inakuhusu, tena sana.

Ile mikopo tunayoiita kausha damu huja na maneno matamu: "Riba asilimia 20 tu kwa mwezi." Ishirini! Mbona ndogo, wakati ile ya Bernoulli ilikuwa mia nzima? Hapo ndipo watu wanapoingia mkenge. Ya Bernoulli ilikuwa mia kwa MWAKA, na hata ukiihesabu kila sekunde, laki yako haivuki 271,828. Hii ya ishirini kwa MWEZI, usipolipa kitu na riba ikarundikwa juu ya deni, laki moja inakuwa 891,610 mwaka ukiisha! Karibu laki tisa, ndugu yangu, na hakuna aliyekuhesabia kila sekunde. Kilichokuua ni ile asilimia yenyewe.

Na muda nao hauna dari. Chukua riba ileile ya Bernoulli, hesabu kila sekunde. Mwaka wa kwanza deni ni kama 271,828. Wa pili, 738,906. Wa tatu, milioni mbili na zaidi kidogo. Kila mwaka linazidishwa tena kwa e, haliulizi kama umepata kazi au bado.

Kwa hiyo kabla hujaweka sahihi, mwulize mkopeshaji maswali matatu bila aibu. Asilimia ngapi? Kwa muda gani: siku, wiki, mwezi au mwaka? Na nisipolipa kwa wakati, riba inaungana na deni na yenyewe inazaa? Akianza kukuzungusha, chukua viatu vyako uondoke.

Na kuna kanuni ya kubeba kichwani. Chukua 70, gawanya kwa asilimia ya riba. Unapata kwa makadirio muda ambao deni litakuwa mara mbili. Riba ya 10 kwa mwaka, kama miaka saba. Riba ya 20 kwa mwezi, miezi mitatu na nusu. Ukipiga hesabu kamili, inakaribia minne. Hiyo 70 nayo inatokana na e: logi asilia ya 2 ni 0.693, na mtaa ukaikuza kidogo ili igawanyike kirahisi.

Wanasema mjini shule. Basi leo mmepata somo la bure, tena halina riba. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda, na madeni yenu yawe madogo!