Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: mkono wa mfuko umekatika

Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Makamu wa Rais (Muungano na Mazingira),

Naomba radhi kwa kuanza na habari za samaki.

Jumamosi moja nilikwenda sokoni Feri, nikanunua changu wanne na nusu kilo ya kamba. Mchuuzi akanifungia kwenye nailoni, kisha akatumbukiza kila kitu ndani ya ule mfuko tunaouita mbadala, shilingi 500. Njiani nikaongeza nazi mbili na viazi. Mguu wangu ulipokanyaga ngazi ya daladala la Gongo la Mboto, mkono mmoja wa mfuko ukachomoka. Nazi moja ikabingirika hadi kwa dereva. Kamba walimwagikia mapajani mwa binti aliyekuwa amevaa nguo za kazini, na maji yao yakafuata. Konda akasema, "Mama, si ungekuja na ndoo?" Gari zima likacheka, nami nikacheka, maana ningefanya nini?

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Hawakuwahi kusimama kwenye daladala saa kumi na moja jioni.

Siandiki kuomba rambo, ile mifuko ya plastiki, irudi. Ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 nilifurahi, kwa sababu mtaro wa mbele ya nyumba yetu ulikuwa ukizibwa nayo kila masika, na mbuzi wa jirani walikuwa wakiitafuna kama majani. Wenzetu wa Zanzibar walitutangulia kuipiga marufuku, Rwanda pia, na Kenya ikaipiga mwaka 2017. Lakini tukubali kwamba rambo ilikuwa na sifa zake: haikuvuja, ilikunjika hadi ikaenea kwenye pochi, na ilikuwa ya bure. Tulipoiondoa tulijibu swali la taka. La mzigo ubebwe na nini tuliliachia soko, na soko likatuletea kile kilichonikatikia.

Naomba tukitazame vizuri, maana jina lake linatupumbaza. Ule mfuko unafanana na kitambaa lakini hakuna mfumaji aliyeugusa. Ni polipropilini, plastiki ya ukoo mmoja na kiroba cha sukari, iliyoyeyushwa, ikavutwa kuwa nyuzi, nyuzi zikatandazwa na kubanwa kwa joto. Kiroba hubeba kilo 50 kwa sababu nyuzi zake zimefumwa, moja inapita juu ya nyingine. Za mfuko huu zimelaliana tu. Uache juani wiki kadhaa uone unavyomomonyoka kwenye vidole, vipande vyake vikienda na upepo kule kule ilikokuwa ikienda rambo. Kenya iliwahi kutangaza mwaka 2019 kuipiga marufuku mifuko ya aina hii pia, na suala likaishia mahakamani.

Kwetu kiwango kinataka kitambaa hicho kiwe na uzito wa gramu 70 kwa kila mita ya mraba. Sipingani na gramu, Mheshimiwa. Ila gramu zinapima kitambaa, na mzigo unaning'inia kwenye mkono. Mfuko wangu haukuchanika popote pengine. Ulichomoka pale pale mkono ulipogandishwa kwa moto, penye upana wa vidole viwili, huku kitambaa chenyewe kikibaki kizima kabisa.

Tena tazama sheria inavyomwangukia mtu. Mimi nikikutwa na rambo, faini yangu haipungui shilingi 30,000 na yaweza kufika 200,000, au siku saba jela. Aliyetengeneza mfuko uliochomoka mkono siwezi hata kumtafuta, kwa kuwa hakuandika jina lake. Haukuwa na alama ya ubora wala kilo unazoweza kubeba. Mingi iliyotundikwa pale gengeni iko vivyo hivyo. Na maofisa wakija kukagua, anayekimbia na bunda lake ni kijana mchuuzi, wakati mfuko haukuzaliwa mikononi mwake.

Sasa nikupe habari za bibi yangu. Alisuka ukili wa miyaa jioni baada ya kazi za shamba, akaushona mzunguko baada ya mzunguko mpaka kikapu kikasimama. Mkono hakuushonea ukingoni. Alichukua kamba, akaipitisha ubavuni, akaizungusha chini ya kitako na kuipandisha upande wa pili. Nilipomuuliza kwa nini anapoteza kamba yote ile, akanijibu kwamba mzigo ukae juu ya kamba, usining'inie kwenye mshono. Bibi hakuwa na maabara. Kikapu hicho kilibeba mihogo, kuku na mara moja mdogo wangu aliyeumwa homa.

Sisemi sote turudi kwenye vikapu kesho asubuhi. Kikapu hakikunjiki. Anayetoka ofisini kupitia sokoni hawezi kukaa nacho chini ya meza tangu asubuhi, na kamba wa Feri wangevuja humo pia (konda alikuwa na haki, kwa samaki sasa nina ndoo ya rangi ya lita nne yenye mfuniko). Lakini ujuzi wa kamba chini ya kitako unaweza kuingia kwenye mfuko wa pamba unaokunjika. Pamba tunalima Simiyu na Shinyanga na sehemu kubwa tunaiuza nje kabla haijafumwa. Mkonge uko Tanga. Milulu iko Iringa, na wasukaji wake wapo, ingawa vikapu vyao ni rahisi kuvikuta kwenye duka la watalii kuliko gengeni kwangu.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Mfuko upimwe kwa mkono wake: utiwe kilo tano, uning'inizwe, utikiswe kama unavyotikiswa na mtu anayekimbilia gari, na usioweza usitoke kiwandani. Uliopita uandikwe kilo zake na jina la aliyeutengeneza, ili faini ijue nyumba ya kwenda.

La pili ni la nyumbani kwenu, serikalini. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kila kongamano ninaloliona washiriki wanatoka na mfuko huo huo wa polipropilini wenye nembo, wanaoutupa kabla ya kufika nyumbani. Mkutano ujao wa wizara yako uagize mifuko ya pamba au ya ukili kutoka kwenye vikundi hivyo. Wasukaji watapata soko, na wajumbe watapata cha kwendea sokoni.

Mfuko wangu nimeuhifadhi, pamoja na mkono wake uliochomoka. Nikiitwa nitauleta.

Mimi mnunuzi wa Feri, abiria wa Gongo la Mboto,
Dar es Salaam.