Simu ya mkulima Kilosa na swali la nani wa kujibu

UTAFITI uliofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulihusu jambo ambalo kwa kulisikia ni jepesi. Mkulima atume swali kwa simu yake ya mkononi, naye apate jibu la mtaalamu kabla mazao hayajaharibika shambani. Leo, wakati vishikwambi na programu za simu vikigawiwa kwa walimu na maofisa ugani nchini, yaliyojitokeza Kilosa yanastahili kusomwa upya.

Watafiti hao, miongoni mwao Camilius Sanga, Siza Tumbo, Malongo Mlozi na Kadeghe Fue, walitengeneza mfumo wa kompyuta wa ushauri kwa wakulima, kupitia mradi wa EPINAV uliofadhiliwa na Serikali ya Norway. Ujumbe mfupi wa mkulima ulipokelewa na kompyuta na kuhifadhiwa. Afisa ugani au mtaalamu wa chuo aliusoma kupitia mtandao wa intaneti, akaandika jibu, na jibu hilo likarudi kwenye simu ya muulizaji. Mwaka 2013 sehemu ya kazi hiyo ilichapishwa katika jarida la kimataifa linalohusu elimu na maendeleo kwa kutumia teknolojia ya habari na mawasiliano (TEHAMA).

Uamuzi wa kutumia simu ulikuwa na sababu. Katika muongo uliotangulia, tafiti nyingi za vyuo vikuu kuhusu TEHAMA katika ufundishaji zilielekezwa kwenye shule na zilihitaji maabara ya kompyuta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Taasisi ya Teknolojia ya Blekinge ya Sweden, kilifanya utafiti wa aina hiyo katika shule za sekondari za Kibaha, mkoani Pwani. Ulikuwa utafiti wa maana, lakini Kibaha ipo jirani na Dar es Salaam. Kwa upande mwingine, hadi mwisho wa mwaka 2010 laini za simu nchini zilikuwa zimekaribia milioni 21. Kompyuta ilikuwa bado inasubiriwa vijijini wakati simu ilikwishafika, tena kwa fedha za mwanakijiji mwenyewe.

Ipo pia sababu ya upungufu wa watu. Takwimu zilizotolewa na Wizara ya Kilimo miaka ya karibuni zilionyesha kuwa nchi ilikuwa na maofisa ugani 6,704, wakati mahitaji yakizidi 20,000. Kwa hesabu hiyo, bwana shamba au bibi shamba mmoja anabeba kazi ya watatu, na vijiji vingine humwona kwa nadra.

Kilosa inafaa sana kwa jaribio la namna hii. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi zaidi ya 438,000 wilayani humo. Mji wa Kilosa upo kando ya reli ya kati na Mto Mkondoa, ambao mafuriko yake ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalizikosesha makazi familia nyingi na kukata reli. Jirani na mji huo ipo Ilonga, penye kituo cha utafiti wa kilimo kinachojulikana kwa mbegu za mahindi na mikunde. Ukienda kusini unafika Mikumi, mji mdogo ulio kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, pembeni mwa Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Mbele zaidi, upande wa Ruhembe, wakulima wa miwa huuza mazao yao kiwandani.

Kwa hiyo wilaya moja ina wakulima wasiofanana kabisa. Mwenye shamba la mahindi bondeni huuliza kuhusu mbegu na wadudu. Wa Ruhembe ana hoja ya mizani na bei ya miwa. Jirani wa hifadhi, karibu na Mikumi, anaweza kuwa na swali moja tu: tembo wamelala shambani kwake, afanye nini? Swali hilo linafika kwa mtaalamu wa kilimo, lakini jibu lipo kwa mamlaka za wanyamapori.

Hapa ndipo ubora wa utafiti wa SUA unapoonekana, na pia mipaka yake. Mfumo ulipokea maswali kama wakulima walivyoyaandika, kwa Kiswahili chao. Kwa miaka mingi elimu ya ugani ilikuwa ya upande mmoja: mtaalamu anasema, mkulima anasikiliza. Hata kampeni kubwa za redio kama Mtu ni Afya ya mwaka 1973, zilizokusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, zilianza na kile ambacho Serikali ilitaka kifahamike. Mfumo wa Kilosa uligeuza mwelekeo huo. Maswali yaliyohifadhiwa yalikuwa, kwa namna fulani, darasa ambalo chuo kikuu kiliketi kama mwanafunzi. Huenda hilo ndilo lililokuwa tunda kubwa zaidi la utafiti huo, japokuwa si jambo linalovutia wafadhili.

Ugumu ulikuwa upande wa majibu. Kompyuta hupokea ujumbe usiku wa manane bila kulalamika, ila jibu linamtaka mtu. Afisa ugani anayetarajiwa kujibu ndiye huyo huyo mwenye kata nzima ya kuzungukia, na mara nyingi intaneti hununua kwa fedha zake. Kumwongezea mfumo bila kumpunguzia kazi nyingine ni kumwongezea mzigo. Ujumbe mfupi nao una herufi 160, na kueleza kipimo cha dawa ya wadudu kwa herufi 160 si kazi ya mzaha, maana neno moja likikosewa mkulima hupoteza shamba au afya yake.

Aidha, majibu huchakaa. Mwaka 2017 ilithibitishwa kuwa viwavijeshi vamizi, wadudu waliotokea Amerika, wamefika Tanzania. Hazina yoyote ya majibu ya mahindi iliyoandaliwa kabla ya hapo ilipitwa na wakati ghafla. Bila mtu wa kuuhuisha kila msimu, mfumo unaendelea kutoa ushauri wa jana kwa tatizo la leo, na hiyo ni hatari kuliko kukaa kimya.

Suala la nani hasa anayeshika simu nalo halikwepeki. Katika kaya nyingi simu ni ya baba, ilhali palizi na uhifadhi wa mavuno ni kazi ya mama. Ndiyo maana redio ya jamii haikupoteza nafasi yake: swali la mtu mmoja likisomwa hewani na kujibiwa, huwafikia hata wasiokuwa na simu.

Tangu wakati huo mambo yamesonga. Wizara ya Kilimo imeanzisha mfumo wa M-Kilimo, unaopatikana kwa kubonyeza *152*00#, ambao nao humuunganisha mkulima na afisa ugani. Profesa Tumbo, mmoja wa watafiti wa Kilosa, alipata kuwa Naibu Katibu Mkuu wa wizara hiyo. Mwaka 2022 Serikali ilianza kugawa pikipiki, vishikwambi na vipima udongo kwa maofisa ugani, na vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti mwaka huo vikapelekwa kwa walimu. Laini za simu zilizidi milioni 70 mwaka 2024.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), yenye chuo Mikumi, ilichukua njia yenye busara ilipozindua VSOMO mwaka 2016 kwa kushirikiana na kampuni ya Airtel. Nadharia husomwa kwenye simu, kisha mwanafunzi anakwenda chuoni kufanya vitendo mbele ya mwalimu. Kwa ugani, mgawanyo wa aina hiyo ungekuwa na maana: maswali ya kawaida yajibiwe kwa simu, na pikipiki ipelekwe palipo na tatizo lisiloelezeka kwa ujumbe.

Ili hilo liwezekane, halmashauri zinapaswa kuhesabu saa za kujibu maswali kuwa kazi rasmi ya afisa ugani, zikiwa na fungu lake la intaneti katika bajeti, kama mafuta ya pikipiki yanavyohesabiwa. Mpangilio huo uwaingize pia maofisa wanyamapori, ili ujumbe wa tembo kutoka Mikumi usiishie kwenye meza ya mtaalamu wa mahindi.