Sony Haikuishinda Xbox Mombasa

Jioni moja, kwenye baraza nyuma ya Ngome ya Yesu, vijana wawili walikaribia kushikana mashati kwa ajili ya Xbox. Wote wawili hawana Xbox. Mmoja alidai ina nguvu kuliko PlayStation 5. Mwenzake akamkata kauli: "Wewe yakhe, nitajie nyumba moja hapa Kibokoni yenye Xbox. Moja tu!" Yule wa kwanza akakosa la kujibu, baraza zima likaangua kicheko, na muuza kahawa akagonganisha vikombe vyake kama hakimu anayefunga kesi.

Mimi sikucheka. Nimecheza gemu tangu utotoni, ndevu zimeanza mvi na bado nacheza, na hoja hiyo nimeisikia mpaka imenikinai: PlayStation ndiyo mashine bora, na ushahidi ni kwamba Mombasa nzima inacheza PlayStation. Kwa hesabu hiyo, tuktuk ndilo gari bora duniani, maana Mji wa Kale umejaa tuktuk.

Tuktuk imetutawala kwa kuwa vichochoro vyetu ni vyembamba. PlayStation nayo ilitutawala kwa sababu ambazo Sony haikuzipanga, na nyingine ilizipiga vita mpaka mahakamani.

Turudi nyuma mpaka PlayStation 2, yaani PS2. Ilitoka Japani Machi 2000, na hakuna mashine ya gemu iliyowahi kuuzwa kuipita kwa wingi. Zaidi ya milioni 155 duniani. Sisi hapa hatukuipata dukani ikiwa mpya ndani ya boksi lake. Wengi wetu tuliipata imeshatumika, ikitoka Dubai au Uingereza, na kabla haijafika sebuleni ilikuwa imeshapita kwa fundi ikatiwa chipu. Chipu ile ndiyo iliyofanya mashine isome diski za kunakiliwa, zile zilizouzwa ndani ya karatasi ya nailoni, jina la gemu limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Bei yake mtoto aliweza kuifikia kwa kuruka viazi karai siku mbili tatu. Sisemi ilikuwa halali. Nasema ndivyo ilivyokuwa. Sony iliwashitaki wauza chipu Uingereza na Australia, na huko Australia ikashindwa kwenye mahakama ya juu kabisa mwaka 2005. Mwaka huo mimi nilikuwa nikiingia kila siku kwenye kibanda cha PS ambacho bila chipu kisingekuwapo.

Kilikuwa chumba cha chini cha nyumba ya mawe, kuta zinatoa jasho la chumvi, runinga mbili zenye kisogo juu ya meza ya mbao, na benchi moja la watu wanne lililokaliwa na saba. Mechi shilingi 10. Aliyefungwa anainuka, mshindi anabaki, na ukileta ubishi mwenye kibanda anakuchomoa padi mkononi. Padi yenyewe kifimbo chake kilikuwa kimebanduka mpira, kimefungwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili kidole kisiteleze. Adhana ya Laasiri ikisikika, swichi inazimwa ukutani, hata kama umebakiwa na dakika moja na unaongoza. Mimi nimepoteza ubingwa namna hiyo mara mbili, na ya pili sijaisamehe.

Tulikuwa tunacheza nini? Mpira, na takriban mpira peke yake. Winning Eleven, kisha PES, na mguu wa kushoto wa Adriano kwenye PES 6 ulioweza kupiga kutoka katikati ya uwanja ukamwacha kipa amesimama kama mlingoti. Basi hapa ndipo ninapowaomba mashabiki wa Sony wanisikilize. PES ni kazi ya Konami. FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, ni kazi ya Wamarekani wa EA. Sony haikuitunga hata moja, na PES 6 hiyohiyo ilitoka pia kwenye Xbox 360. Kwa hiyo mtu anayesema "PlayStation ndiyo yenye mpira" anamsifu muuza daftari kwa insha ya mwanafunzi.

Kilichoijaza PlayStation hapa ni fundi mwenye chuma cha kulehemu, mwenye kibanda, na jirani. Jirani hasa. Ukiwa na mashine ambayo mtaa mzima unayo, unaazima diski, unaazima padi, unaazima hata waya wa umeme. Ukinunua Xbox peke yako Kibokoni umejinunulia upweke. Hilo ndilo lililomfunga mdomo yule kijana barazani. Ni hoja nzito, ila haihusiani kabisa na ubora wa mashine.

Wala msidhani nimetumwa na Microsoft. Xbox 360 ilikuwa na ugonjwa wa taa nyekundu tatu. Mwaka 2007 kampuni ikatenga zaidi ya dola bilioni moja kuzitengeneza mbovu na kurefusha dhamana. Dhamana hiyo ingemsaidia nini mtu wa Kuze aliyenunua ya mkono wa pili? Waliokuwa nazo waliishia kuifunika taulo mashine ikiwa inawaka, eti ipate joto ipone. Dawa ya kupandisha homa ili homa ishuke!

Na wanaosema Nintendo ni ya watoto wakumbuke zile TV gemu za kaseti kutoka China, zilizoandikwa kwenye boksi kuwa zina gemu 9999 na ukihesabu unakuta kumi. Mashine tuliyochezea Contra na Mario ilikuwa Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983 iliyovishwa nguo nyingine. Ndiyo iliyotufundisha kushika padi, nasi hata jina lake hatukulijua.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi zaidi. Juni 2013 Microsoft ilitangaza kwamba Xbox One itataka intaneti angalau mara moja kila saa 24, na kwamba kuuza au kuazimana diski kutakuwa na masharti. Sony ikatoa kivideo kifupi cha kuchekesha: mtu anampa mwenziwe diski mkononi, basi, ndiyo namna ya kuazimana gemu. Dunia ilishangilia, na sisi tulishangilia kuliko dunia. Microsoft ikarudi nyuma kabla mwezi haujaisha. Ubishi wa mabarazani bado unaishi kwa mtaji wa siku ile.

Kampuni iliyocheka siku ile ndiyo hiyo iliyoleta PS5 Pro mwezi Novemba 2024 kwa dola 700, bila tundu la diski. Ukitaka tundu, unanunua kando, na haliwezi kufanya kazi mpaka kwanza uiunganishe mashine na intaneti. Xbox Series S ya mwaka 2020 nayo haina tundu kabisa. Mahasimu wamefika kituo kimoja, sisi bado tunatukanana njiani.

Ukinunua gemu bila diski, unanunua kwenye duka lao la mtandaoni. Jaribu kufungua akaunti ya PlayStation ukitafuta Kenya kwenye orodha ya nchi. Hutaiona. Utajiandikisha kama Mmarekani, Mwingereza au mtu wa Afrika Kusini, kisha utamtafuta mtu wa kati akuuzie kadi ya dola. Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation, gemu iliondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177 ambako huduma hiyo haikuwapo rasmi. Yetu ni mojawapo. Watu walitetea jina la Sony mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, na kwenye daftari la Sony hawamo.

Diski haikuulizi unatoka wapi. Nina ya FIFA iliyotoka Majengo ikapita Makadara, katika kila nyumba ikaongezewa pesa kidogo na kubadilishwa na nyingine, mpaka ikanifikia. Imejaa mikwaruzo kama ubao wa kukatia samaki, na inasoma.

Idd inakuja, na watoto watawavuta baba zao kwenye maduka ya Moi Avenue. Baba, usiulize ipi ina nguvu zaidi, wala usimsikilize kijana wa barazani, wa upande wowote. Geuza boksi, mwulize muuzaji tundu la diski liko wapi. Akikwambia siku hizi halihitajiki, mrudishie boksi lake.