Kununua Injini Iliyokwisha Kutumika

Mkulima, injini ya dizeli ya kusagia nafaka, ikiwa imekwisha kutumika, haipimwi kwa rangi yake wala kwa maneno ya mwenye kuiuza. Shauri langu ni hili: usinunue injini uliyoikuta ina moto, kwani hata iliyochakaa huwaka upesi ikiwa imepashwa. Nenda asubuhi, uiguse. Ikiwa baridi, izungushe kwa mkono: isipokaza, haibani hewa, nayo dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Tazama mafuta ya kulainisha. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Kisha iwashwe, isage mahindi mbele yako. Moshi wa buluu usiokoma waonyesha kuwa inakula mafuta hayo. Mwenye kuuza akikataa kupimwa huku, rudi nyumbani na fedha zako. Hizo ni jasho la mavuno yako.