Si Kila Ganda ni Kava

Kuna dhana potovu iliyokita mizizi katika shule zetu kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na methali, ilhali vipimo na mitambo ni milki ya Kiingereza. Dhana hiyo ina hasara yake, na hasara yenyewe yaonekana kando ya barabara itokayo Ruiru kwenda Thika.

Tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, mitaro mingi imechimbwa katika miji hiyo miwili ili kupitisha mikongo ya mawasiliano, yaani nyaya zilizobeba nyuzi za kioo. Vijana wetu wamepata riziki kwa kuilaza na kuiunga. Nimewasikiliza wakiwa kazini. Utando ulioshikamana na kioo, mrija unaohifadhi nyuzi, na ala nene ya nje, vyote huviita "kava". Je, mwanagenzi akiambiwa "toa kava", atoe ipi? Akichuna utando palipotakiwa kuondolewa ala pekee, kioo hubaki uchi.

Jambo hili si la mzaha. Uzi wa kioo una unene wa mikromita 125, yaani sehemu 125 za milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Huvutwa kutoka mche wa kioo uliolainishwa kwa joto la takriban selisiasi 2,000. Ukiwa mpya una nguvu za ajabu, lakini vumbi, unyevu au mguso mdogo huutia nyufa zisizoonekana kwa macho. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kioo hauzibiki. Dawa yake ni kuuzuia usizaliwe. Kwa hiyo, kabla uzi haujagusa gurudumu lolote, huvikwa tabaka mbili za utomvu maalumu zinazogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno. Utando wa ndani ni laini kama godoro, ili uzi usibinywe na mwanga ukavuja. Wa nje ni mgumu, wa kuhimili mikwaruzo. Unene wote hufikia mikromita 245 hivi.

Unene huo hudhibitiwaje? Uzi huweza kukimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde, hivyo hakuna mkono uwezao kuupima. Miali ya leza huupima bila kuugusa: kwanza kioo kitupu, kisha kioo kilichovikwa. Kioo kikizidi unene, gurudumu la kuvutia huongeza kasi. Utando ukipungua, joto au shinikizo la utomvu hurekebishwa. Hata hivyo, unene pekee hautoshi. Kioo kisipokaa katikati ya utando, upande mmoja huwa mwembamba, na ulinzi wake hupungua. Mwishowe uzi hujaribiwa kwa kuvutwa, ili ulio dhaifu ukatike kiwandani badala ya kukatika chini ya ardhi ya Thika.

Msomaji ameona kwamba hayo yote yameelezeka kwa Kiswahili. Maneno tunayo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Tulichokosa ni mazoea.

Wapo watakaosema kwamba vitabu vya uhandisi ni vya Kiingereza, na mitihani vilevile. Ni kweli, wala sidai Kiingereza kifukuzwe. Lakini maagizo ya mtaroni hayatolewi kwa lugha ya mtihani. Fundi na mwanagenzi wake huelewana kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho tumekiacha bila istilahi.

Napendekeza walimu wa Kiswahili na wa fizikia wa Ruiru na Thika, pamoja na wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja, waketi meza moja. Watwae kipande cha mkongo, wakifungue tabaka kwa tabaka kwa tahadhari ya macho na vidole, kisha kila tabaka walipe jina moja na kipimo chake. Orodha hiyo itatosha ukurasa mmoja. Ibandikwe darasani, na nakala wapewe wale walioko mitaroni.