Kampuni Mama Isimkane Mwanawe

Wahenga walinena kwamba mnyonge hana haki. Wasomaji wapendwa, leo nawapinga wahenga, na kwanza najipinga mimi mwenyewe.

Muhula uliopita chama chetu kilijadili iwapo kampuni ishtakiwe kwao kwa uovu iliotenda ugenini. Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Nilisema ati kosa la Afrika lihukumiwe Afrika, la sivyo tunaurudisha ukoloni. Mlinipigia makofi, tukashinda. Makofi hayo sasa yananiona haya.

Baadaye nilisoma habari za Waogoni wa Nigeria, ambao mafuta yalianza kuchimbwa kwao na Shell mwaka wa 1958. Mashamba na mito ikachafuka. Mwandishi Ken Saro-Wiwa alipowaongoza watu kulalamika, serikali ya kijeshi ya Abacha ilimnyonga pamoja na wenzake wanane, tarehe 10 Novemba 1995, baada ya kesi iliyolaaniwa ulimwenguni. Jamani, jamaa zao wangeshtaki wapi? Kesi ya nyani hapelekewi ngedere!

Walikwenda New York mwaka wa 1996, wakidai kwamba Shell ilishirikiana na serikali hiyo. Mwaka wa 2009 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 15.5, ila haikukiri kosa. Katika kesi nyingine ya Waogoni, mwaka wa 2013, Mahakama ya Juu ya Marekani ilifunga mlango: mambo yalitendeka mbali mno na Marekani.

Huko Uholanzi, wakulima wa Nigeria walishtaki mwaka wa 2008 kwa ajili ya mafuta yaliyomwagika. Mahakama ya rufani mjini The Hague iliwapa haki mwaka wa 2021. Miaka 13! Baadhi yao walikuwa wameshazikwa. Mwaka uo huo Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba wakazi wa Ogale na Bille wanaweza kuishtaki kampuni mama kuhusu mambo ya kampuni yake tanzu.

Hapo ndipo penye kiini. Faida ikipatikana, kampuni mama husema, "Huyu ni mwanangu." Watu wakiumia, husema, "Simjui." Ni mzazi gani huyo?

Mtaniuliza, je, wawekezaji wakikimbia? Swali hilo si geni kwangu. Karo yangu hutoka katika mshahara wa kampuni ya kigeni, kwa hivyo sisemi zifukuzwe, hata kidogo. Nasema zichunge. Ufaransa ilitunga sheria mwaka wa 2017 inayozilazimu kampuni zake kubwa kutazama mapema madhara ya kampuni tanzu zao, hata ng'ambo. Kinga ni bora kuliko tiba.

Mahakama zetu nazo ziimarishwe, ili safari ya The Hague isiwe lazima. Lakini mpaka siku hiyo, mlango wa nyumbani kwa tajiri usifungwe.

Mdahalo ukirudiwa, mtanikuta upande wa pili, hata kama nitakaa peke yangu.