Watoto Walioogopa Wamefutwa
JICHO LA CHAKI, na Zuhura Kibwana

Jumatatu nilikwenda kutoa kopi kwenye steshenari moja jirani na chuo kikuu. Bango la mlangoni linasema: tunachapa, tunaprinti, tunachambua data. Mbele yangu alikaa mwalimu wa sekondari anayesomea shahada ya uzamili ya elimu, na hojaji za wanafunzi zimejaa mapajani. Tasnifu yake inahusu mtazamo wa wanafunzi kuhusu hisabati. Kijana wa kompyuta alikuwa ameshaingiza majibu kwenye SPSS, programu ya takwimu.

"Madam, alfa imetoka 0.58. Maprofesa wenu wanataka 0.7. Nikitoa swali la nne na la tisa, inapanda."

"Toa."

"Na nadharia tete, unataka ikubaliwe au ikataliwe?"

"Ikubaliwe, mdogo wangu. Msimamizi hataki maneno mengi."

Nikaomba kuliona hilo swali la nne. "Naogopa kumuuliza mwalimu swali darasani." Mtoto aliyejibu "nakubali kabisa" alipewa 5, sawa na yule aliyekubali kabisa kwamba analipenda somo. Alfa ni kipimo cha jinsi maswali yanavyokwenda pamoja; hofu na mapenzi vimejumlishwa pamoja, itaachaje kushuka? Hapo alama hugeuzwa kwanza: 5 inakuwa 1, 4 inakuwa 2, ndipo mtu ajumlishe. Anayejua hamalizi dakika tano. Wao walifuta. Watoto walijipa moyo wakaandika kwamba wanaogopa, na ushahidi wao ukatupwa ili namba ipendeze.

Nilimweleza yule mwalimu. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Mama, takwimu tulifundishwa kwenye ukumbi, mamia yetu, hakuna aliyegusa kompyuta." Hasira yangu ikahama kwake, ikaenda kwa waliomdahili, wakampokea ada, wakamwacha auziwe matokeo dirishani.

Nina ugomvi mwingine, na namba 384, idadi ya watu wa kuhojiwa. Fungua tasnifu za elimu maktabani, utaikuta. Inatoka kwenye jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, lililokusudiwa watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu, mmoja mmoja, kutoka kundi kubwa. Wanafunzi wetu wanaichukua, wanakwenda shule nane, wanakusanya madarasa mazima. Watoto wanaofundishwa na mwalimu mmoja hufanana majibu, kwa hiyo 384 wa namna hiyo hawabebi taarifa za 384 waliotawanyika. Mtahini anaiona namba, anaipigia tiki, anafungua ukurasa unaofuata.

Atakayesema haya ni mambo ya wanahesabu tu, akumbuke matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa 2012 hapa Tanzania. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipewa daraja sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na Mei 2013 serikali ikayafuta matokeo yale, yakapangwa upya. Watoto walewale, majibu yaleyale; kilichobadilika ni utaratibu wa kupanga alama. Nchi nzima ililia kwa sababu ya upimaji, na bado vyuoni tunaufanya kozi ya kupitia.

Upimaji ndio moyo wa utafiti wa elimu. Mtu asiyejua swali lake limepima nini hana matokeo, hata kama tasnifu imejaladiwa vizuri kiasi gani. Kwa hiyo nataka jambo moja: siku ya utetezi, jopo limwekee mtahiniwa kompyuta yenye data zake mwenyewe na kumwambia achambue mbele yao, aeleze kila swali alilolitoa na kwa nini. Atakayeshindwa arudi darasani, na msimamizi aliyemwekea saini arudi naye, wakae dawati moja.